Andika! Isibaki Ndani ya Linux

Chukua neno lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa mtindo wa wazee wetu: kafu yenye dhuma, kisha be yenye kasra. Ni neno gani hilo? Laweza kuwa kobe, kope, kupe, kombe, au hata kumbi la nazi. Mtindo wa zamani haukutenga e na i, wala o na u. Be ilibeba b na p. Na ile m ya mb mara nyingi haikuandikwa. Mizani haitusaidii, maana maneno yote matano yana mizani mbili. Kina hutusaidia pale tu neno linapoangukia mwisho wa kipande. Kinachobaki ni msomaji anayelijua shairi lenyewe.

Hapa Mchukwi wasomaji wa aina hiyo ni wazee wachache. Miswada aliyoiorodhesha J. W. T. Allen katika katalogi yake ya mwaka 1970 ina makao katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Daftari za kasida zilizomo masandukuni mwa nyumba zetu hazimo katika orodha yoyote. Mzee akiondoka, daftari hubaki, lakini kobe na kope havitenganishiki tena.

Ndiyo sababu naithamini Andika!, programu huria ya Kevin Donnelly. Humwezesha mtu kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu huku irabu zote tano zikitofautishwa, na kuihawilisha matini kutoka hati hizo kwenda za Kirumi, au kinyume chake. Kasoro yake kwetu ni moja: iliundwa kwa ajili ya Linux, ilhali ofisi nyingi zinatumia Windows, na mshairi wa kijijini kompyuta yake ni simu.

Wapo wasemao kwamba kizuri chajiuza, basi mwenye haja na aweke Linux. Nami najibu: hata kizuri hakijiuzi kikifungiwa ghalani. Kumtaka mzee wa miaka sabini, au mjukuu wake, abadili mfumo endeshi ili aandike beti nne ni kumfungia mlango kwa adabu.

Hata hivyo, hoja ya upande wa pili ina uzito. Programu ya watumiaji wachache haina jeshi la mafundi. Kila mfumo unaoongezwa ni mzigo wa kudumu, kwa sababu Windows na Android hubadilika, na anayejitolea huchoka. Kwa hiyo sidai programu nzima ihamishwe. Herufi za Unicode husomeka katika mifumo yote. Kinachokwama ni namna ya kuziingiza. Tuhamishe kwanza kibodi pekee, ifanye kazi katika simu, pamoja na fonti inayozionyesha alama za irabu mahali pake. Kazi nzito ya kuhawilisha na kupanga kurasa iachwe kwa wachache wenye Linux, nao watumiwe matini.

Jambo moja litangulie: tukubaliane tahajia. Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walichapisha mapendekezo ya kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu bila utata. Tuyajadili, tuyakubali au tuyarekebishe, kwani kibodi isiyo na tahajia moja itatuzalishia kobe na kope wapya.

Programu haitatusomea daftari za zamani. Haijui kama mtunzi alimkusudia kobe au kupe. Itakachofanya ni kulihifadhi jibu la mzee siku atakapolitamka. Basi mafundi watupe kibodi, nasi washairi tukakae mkekani na wazee wetu, simu mkononi, tuwaulize neno baada ya neno wangali wapo.