Keya Ilipangwa Kutuchunga Sisi

Wasee, ukitaka kujua serikali inamwogopa nani, achana na hotuba. Angalia imeweka askari wake wapi.

Chukua King's African Rifles, ile wazee wetu waliita Keya. Vita vya Kwanza vya Dunia vinaanza Agosti 1914, Keya ina batalioni 3 tu: ya Nyasaland, ya Uganda na ya hapa kwetu. Ukihesabu zote unapata kombania 21, askari kama 2,300 hivi, na maafisa Wazungu wachache walioazimwa kutoka jeshi la Uingereza. Ilikuwa na batalioni nyingine, lakini ilivunjwa 1911 ili kuokoa pesa.

Na hizo kombania zilikuwa wapi? Nyingi zilitawanywa kule kaskazini na Jubaland, ambayo wakati huo ilihesabiwa upande wetu, zikipigana na Wasomali waliokataa kutawaliwa. Mpaka wa Mjerumani, wenye reli ya Uganda karibu yake, ulikuwa karibu mtupu. Ndiyo maana kufikia katikati ya Agosti Wajerumani walikuwa wameshachukua Taveta.

Watu husema Waingereza walishtukizwa. Mimi sikubali. Jeshi hilo lilikuwa limepangwa vizuri sana kwa kazi yake, na kazi yenyewe ilikuwa sisi: kutisha vijiji, kuchukua ng'ombe, kuhakikisha kodi inalipwa. Kazi hiyo haihitaji mizinga, na Keya haikuwa nayo. Haihitaji askari wa akiba pia, na hawakuwepo.

Lakini pengo lililotuua zaidi ni la mizigo. Vita vya miaka mingi vinataka chakula, risasi na dawa kila siku, tena mahali hakuna barabara na mbung'o wanamaliza ng'ombe na farasi. Nani atabeba? Kabla ya vita hakukuwa na mpango wa maana. Carrier Corps ilianzishwa vita vikiwa vimeshaanza, na 1915 ikatungwa sheria ya kuwalazimisha wanaume kwenda. 1917 wakasombwa kwa wingi.

Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi wao hata risasi haikuwagusa. Waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa, mzigo ukiwa kichwani. Yaani wakubwa waliokoa pesa kwenye makaratasi, halafu deni likalipwa na kijana wa Nyanza, wa Ukambani, wa Murang'a, ambaye ugomvi wa Mwingereza na Mjerumani haukumhusu hata kidogo.

Shuleni tunakaririshwa majina ya majenerali na tarehe za vita. Mimi naona swali la mtihani lingekuwa hili: siku moja kabla ya vita, nani alikuwa amepangiwa nini? Mwanajeshi alipangiwa bunduki, afisa akapangiwa hema. Mpagazi hakupangiwa kitu, na ndiye vita vilimwegemea.

Sasa ukipita Kariakor hapa Nairobi, ama Kariakoo kule Dar es Salaam, jua hilo ni jina la Carrier Corps lililokaa midomoni mwetu. Tunapiga bei ya kiondo juu ya kumbukumbu yao na wengi wetu hata hatujui.

Nyinyi kwenu kuna mzee aliyechukuliwa? Mliambiwa nini? Andikeni hapo chini, majina yao yasipotee.