Msaidizi wa Tiba kwa Vitendo: Pengo Kati ya Upanga na Kariakoo

DAR ES SALAAM – Mchukuzi wa mizigo katika Soko la Kariakoo anapopata kiharusi na kupooza upande mmoja, hospitali huokoa uhai wake. Swali linalobaki ni la nyumbani: atafungaje vifungo vya shati, ataogaje, atarudije kwenye riziki yake? Kazi hiyo ni ya tiba kwa vitendo, tawi la huduma za utengamao linalotumia shughuli za kila siku za mgonjwa kumrejeshea uwezo wake.

Wanaofundishwa fani hii nchini husomea shahada katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), Upanga, au stashahada ya miaka mitatu katika KCMC, Moshi. Kutoka Upanga hadi Kariakoo ni mwendo mfupi, lakini mtaalamu mwenye wagonjwa wengi wodini hawezi kumfuata kila mmoja hadi chumba cha kupanga Gerezani. Sensa ya mwaka 2022 ilibainisha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani.

Nchi nyingine zimeziba pengo hilo kwa kada ya wasaidizi. Nchini Marekani, msaidizi husoma chuoni kwa takriban miaka miwili, hufanya mafunzo kwa vitendo yasiyopungua wiki 16, kisha hufanya mtihani wa kitaifa. Mipaka yake iko wazi: mtaalamu humpima mgonjwa na kupanga tiba, msaidizi huitekeleza, humfundisha mgonjwa kuvaa, kupika au kutumia kifaa saidizi, na kutoa taarifa hali inapobadilika.

Historia nayo ina neno. Fani hii ilipata chama chake cha kwanza nchini Marekani mwaka 1917, na vita vilipopamba moto wanawake wengi walipewa mafunzo ya muda mfupi ili kuwahudumia askari majeruhi. Jina la Kariakoo lilitokana na vita hivyohivyo, kutoka kwa kikosi cha wapagazi wa Jeshi la Uingereza kilichopiga kambi hapo. Wapagazi wale hawakupata tiba ya namna hiyo.

Kwa Tanzania, fursa ya karibu ni mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, unaolenga wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Wao tayari hubisha hodi majumbani. Hata hivyo, kuwaongezea somo moja la utengamao na kuwaita wasaidizi wa tiba kwa vitendo kungekuwa kosa. Kumwinua vibaya mgonjwa wa kiharusi kunaweza kuteguza bega lake lililolegea, na zoezi lisilofaa humwongezea maumivu. Msaidizi anahitaji wiki za mazoezi wodini chini ya uangalizi, na baada ya kuhitimu awe na mtaalamu anayemsimamia kwa jina, anayempigia simu, anayepitia kumbukumbu zake.

Usimamizi huo ndio sehemu ya gharama. Mtaala waweza kuandikwa kwa miezi michache; nafasi za ajira za wataalamu watakaowasimamia wasaidizi katika hospitali za wilaya na vituo vya afya zinahitaji kuingizwa kwenye ikama na bajeti, kabla darasa la kwanza halijafunguliwa.