Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi wa Marekani kuhusu wanaotunza wazee majumbani

Mheshimiwa Waziri,

Julai 2025 wizara yako ilipendekeza kufuta kanuni ya mwaka 2013 inayowahakikishia wanaotunza wazee na wagonjwa majumbani kima cha chini cha mshahara na malipo ya ovataimu. Nakuomba uliondoe pendekezo hilo.

Kazi yenyewe naijua. Mzee aliyepooza haachwi alalie ubavu mmoja usiku kucha. Hugeuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo visigino na mgongo huota vidonda. Anayemgeuza ndiye anayempima sukari, kumbadilisha nepi, kumwogesha na kumlisha kijiko kwa kijiko, na kunapokucha shuka za usiku zinamngoja. Wengi wa wanaofanya kazi hii ni wanawake, na sehemu kubwa ni Weusi, Walatino na wahamiaji, wakiwemo mama na dada zetu kutoka Kenya, Tanzania na Kongo.

Si bahati mbaya kwamba ni hao. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935 na sheria ya kima cha chini ya 1938 ziliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, kazi ambazo Wamarekani Weusi wengi wa Kusini walizitegemea. Charles Houston wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, aliionya kamati ya Seneti kuhusu hilo mapema 1935, kabla sheria ya kwanza haijapita. Hakusikilizwa. Sheria hizo hazikutaja rangi ya mtu yeyote. Ziliacha nje kazi tu, na ikatosha.

Mwaka 1974 wafanyakazi wa majumbani waliingizwa katika sheria ya kima cha chini, lakini waliohesabiwa kuwa wanakaa tu na wazee waliachwa. Evelyn Coke, mhamiaji kutoka Jamaika aliyetunza wagonjwa New York, mara nyingine kwa zamu za saa 24, alidai ovataimu yake hadi Mahakama ya Juu. Juni 2007 majaji wote 9 walimkatalia. Alifariki 2009. Kanuni ya 2013, iliyoanza kutumika 2015, ndiyo iliyoleta haki aliyoidai yeye.

Wizara yako inasema gharama zikipanda, familia zitashindwa kuwatunza wazee wao nyumbani. Hofu hiyo ni ya kweli, nami siipuuzi. Lakini mlipaji mkubwa wa huduma hizi ni Medicaid, yaani serikali. Viwango vya malipo viko mikononi mwa serikali ya taifa na majimbo, na huko ndiko pengo linapaswa kuzibwa. Kuliziba kwa saa za mama anayekesha na mgonjwa ni kumtoza maskini deni la taifa zima.

Mheshimiwa, futa pendekezo hilo, kanuni ya 2013 ibaki. Kisha watume wakaguzi wako kwa mawakala wasiolipa ovataimu hata sasa.

Wako katika ujenzi wa haki,
Mhudumu wa wazee majumbani