Gari Kuchoka Si Kosa, Kudanganywa Ndio Kosa

Kila mwaka bonasi ya chai ikiingia mwezi wa kumi, simu yangu hujaa Probox. TikTok, Facebook, status za WhatsApp za watu wa Kericho, Litein, Kapkatet, Sotik hadi Bomet: Probox nyeupe, Probox ya silva, Probox "haina shida, kuja na fundi wako". Wenye yadi wanaijua kalenda ya KTDA kuliko wakulima wenyewe. Halafu mwezi wa kumi na moja zinaanza zile meseji za sauti: gari imezima Chepseon, gari inakula oili, mwenye yadi hashiki simu.

Na si ati pesa zenyewe ni za kuchezea. Mkulima wa huku kwetu hulipwa bonasi ya chini kwa kilo kuliko wa Murang'a ama Kirinyaga, na mwaka wa 2025 watu walitoka barabarani kuandamana juu ya hiyo tofauti. Ukiona mzee ametoa laki sita na zaidi kununua gari, jua hapo ndani kuna bonasi, kuna ng'ombe, na kuna mkopo wa Sacco ambao utakatwa kila mwezi, gari itembee isitembee.

Sasa, kuna vitu viwili ambavyo watu wa huku wanachanganya, na wenye yadi wanapenda sana tukichanganya. Cha kwanza ni gari kuchoka. Umenunua gari ya mkono wa pili, imekimbia barabara za matope miaka na miaka, shokabu zimelegea, klachi inateleza. Hiyo ni bei uliyolipia. Kama fundi wako aliinama akaona oili inavuja na wewe bado ukalipa, hata Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa haitakuonea huruma sana kwa kasoro ambayo ukaguzi wako ulifaa kuiona. Hapo nasimama na mwenye yadi kabisa.

Cha pili ni kudanganywa, na hapo ndipo pesa inafaa kurudi. Si kubadilishiwa gari, si kufanyiwa sevisi ya bure. Pesa.

Nitawapa mfano wa kwetu. Baba yangu mdogo alinunua Probox kwa yadi moja, sitaitaja, kwa shilingi 680,000, binamu yangu aiendeshe kubeba watu kati ya Litein na Kericho. Dashibodi ilikuwa inasoma kilomita 96,000. Muuzaji aliandika hiyo 96,000 kwenye tangazo, na akairudia kwa mdomo: "Mzee wangu, hii ilikuwa ya mwalimu mmoja, alikuwa anaenda nayo kanisa tu." (Huyo mwalimu wa kanisa anamiliki nusu ya magari ya Kenya, mimi nawaambia.) Siku ya tano binamu alipeleka gari kubadilisha oili. Fundi akafungua boneti, akafuta vumbi na kitambaa, na pale pembeni kulikuwa na stika kuukuu ya gereji: sevisi inayofuata, kilomita 214,000.

Laki mbili na kumi na nne elfu, jameni. Gari haiwezi kurudi nyuma mwendo. Kuna mtu alikaa chini na mashine akarudisha mileji.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inataja kitu kama hiki karibu kwa jina. Kati ya maneno ya uongo ambayo muuzaji hafai kusema, kuna kusema kuwa bidhaa imetumika kwa kiwango tofauti na ukweli. Ukidanganywa hivyo unaweza kuvunja mkataba. Nyuma ya hiyo sheria kuna Katiba yenyewe, kifungu cha 46, kinachosema mtumiaji ana haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na kulipwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Kwa hivyo ile mhuri kwenye risiti, "bidhaa ikiuzwa hairudishwi", isikutishe. Sheria hiyo ya 2012 haimruhusu muuzaji kufuta dhamana ya ubora kwa maandishi yake tu. Na mhuri haujawahi kugeuza uongo ukawa ukweli.

Lakini sheria inataka mtu anayeharakisha. Ukikaa na gari, ukaendelea kubeba abiria wiki sita huku ukimpigia mwenye yadi simu za "vipi bosi, ile maneno yetu", unaonekana kama umeikubali gari. Ukishahesabiwa umeikubali, kuirudisha inakuwa ngumu, unabaki kudai fidia tu. Ndio maana mwenye yadi hapendi kusema hapana. Anasema "rudi Jumanne". Anasema "director yuko safari". Kila Jumanne ikipita ni yake.

Baba mdogo alitaka kuenda na njia ya wazee. Mwenye yadi ni mtu wa huku, wanajuana na shemeji yake, si tukae chini na mzee mmoja wa kanisa tumalize? Mimi naheshimu hiyo njia, imemaliza mambo mengi ya mashamba na mifugo. Ila angalia mizani ilivyokaa: yeye ameshika laki sita na themanini, wewe umeshika gari yenye uongo na mkopo unaokatwa. Mkikaa kikao cha "tusikosane", atakayeogopa kukosana ni wewe. Tulikubaliana nyumbani kwamba wazee wataitwa, sawa, lakini barua itangulie.

Barua yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida. Tarehe ya kununua, bei, nambari ya gari, maneno ya tangazo, picha ya stika, na sentensi moja: tunarudisha gari na tunataka 680,000 ndani ya siku saba. Ilipelekwa kwa mkono, nakala ikasainiwa na msichana wa mapokezi, na picha yake ikatumwa WhatsApp ili zile tiki mbili zibaki kama ushahidi. Gari ikaachwa yadi siku hiyo hiyo. Kabla ya kutoa ufunguo, binamu alipiga video ya dashibodi, tairi, spea, jeki, kila kitu, maana gari ikishalala kwao usishangae kuambiwa umeirudisha bila betri.

Kilichotusaidia kuliko vyote ni kwamba pesa iliingia kwa akaunti ya benki ya kampuni. Hii nataka muisikie vizuri. M-Pesa haitumi zaidi ya 250,000 kwa mara moja, kwa hivyo dalali akikwambia ugawanye utume kwa namba tatu za watu tofauti "ndio iende haraka", siku ya kudai utakuwa unadai watu watatu wasiojuana na gari. Na kabla ya kulipa, tafuta rekodi ya gari kwa NTSA kupitia eCitizen, ni kama shilingi 550. Kama jina la mwenye gari si la yadi wala si la mtu waliyekutajia, uliza hapo hapo. Bei ya chipsi kuku na soda, na watu bado wanairuka.

Majibu ya yadi yalikuja kwa mpangilio ambao naamini wanaufundishana. Kwanza stika ni ya gari lingine. Pili, hata wao waliuziwa hivyo. Inaweza kuwa kweli, lakini basi wamdai aliyewauzia, baba mdogo hakununua kwake. Tatu, chukua Wish, ongeza laki moja na nusu tu. Hiyo ya tatu ndiyo hatari, maana Mzee alikuwa amechoka na karibu akubali. Fikiria: mtu amekudanganya, halafu suluhisho ni umwongezee pesa.

Siku ya nane tukamtumia ujumbe kwamba tunaenda Mahakama ya Madai Madogo. Hii korti ni ya madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Probox nyingi za mkono wa pili zinaingia humo. Kama hujui pa kuanzia, enda kaunta ya mahakama, Kericho ama Bomet, uulize. Wale watu huongea na wananchi kila siku, hawaumi.

Ujumbe huo ulifanya kazi kuliko simu zote. Pesa ikarudi mara mbili: 400,000 kwanza, halafu 240,000. Zimebaki 40,000, ambazo yadi inasema ni "matumizi ya gari" kwa zile siku tano.

Na hapa ndipo nimekosana na nusu ya ukoo. Wanasema shukuruni Mungu, wengine hawapati hata shilingi, achaneni na hizo arobaini. Mimi nasema siku tano za Probox iliyorudishwa mileji hazigharimu 40,000 mahali popote Kericho, na hizo pesa ni miezi kadhaa ya makato ya Sacco. Kama walitaka kukodisha, wangeandika kukodisha. Baba mdogo amenisikiliza mimi. Fomu ya korti ameijaza juzi jioni, kwa mwandiko wake mwenyewe, na Jumatatu anaipeleka.