Kumwangia Maua Si Azabu



Mwezi wa kumi tulitundika mikebe sita ya jeraniumu kwenye barza ya madarasa. Leo inabaki miwili. Wengi wanasema: ni jua la Kinkondja, maua ya Wazungu hayawezi kuishi karibu na Ziwa Kisale. Sisi makapita tunasema hapana. Tuliyaua sisi wenyewe.

Kila mwanafunzi aliyechelewa asubuhi tulimpa azabu ya kumwangia maua. Siku moja wachelewaji walikuwa watano, basi ndoo tano. Kesho yake vilevile. Na mvula nayo ilikuwa inanyesha! Mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza alituambia: «Kapita, udongo ungali na mayi.» Tukamjibu: «Mwanga tu, ni azabu.» Alitupita akili. Tunamwomba msamaha hapa mbele ya wote.

Jeraniumu hii ya kutambaa, yenye majani kama ngao ndogo, si ya Ulaya. Asili yake ni Afrika ya Kusini, upande wa Cape. Mwaka 1700 ilipelekwa Uholanzi, na baadaye ikaenea kwenye madirisha ya Ulaya. Kwao imezoea ukavu. Majani yake manene yanaweka maji. Ikikaa ndani ya maji mengi mizizi inaoza, shina linakuwa jeusi kuanzia chini, basi imekwisha.

Iliyobaki tuitunze hivi. Mkebe utobolewe matundu chini. Udongo uchanganywe na mchanga. Tia kidole: ukisikia ubichi, usimwange. Maua yaliyokauka yaondolewe. Jua la asubuhi ni zuri; la saa sita linaichoma. Ukitaka mche mpya, kata kijiti cha urefu wa kidole, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, kiache kivulini saa chache kidonda kikauke, kisha ukitie ndani ya mchanga wenye ubichi kidogo. Kwa majuma matatu au mane mizizi inatoka.

Maoni yetu ni haya: azabu ya kumwangia ikomeshwe. Mtu wa azabu anamwanga haraka aende zake, haangalii kitu. Kila darasa lipewe mkebe wake na kuuchunga kwa zamu, makapita pamoja nao. Wachelewaji tuwape nyasi za uwanja. Zile hazifi hata zikikatwa kila siku.

Sisi wa mwaka wa sita tunakaribia kutoka. Hatutaki kuwaachia mikebe miwili.