Mwalimu wa Mbweni na Deni Letu kwa Wasichana



Mtu akitoka Mji Mkongwe wa Zanzibar na kushika njia ya kusini hufika Mbweni. Huko, karibu na bahari, yapo magofu ya Shule ya Mtakatifu Maria ya wasichana, na si mbali nayo Kanisa la Mtakatifu Yohane, lililotabarukiwa mwaka 1882. Katika makaburi ya kanisa hilo amezikwa mwalimu Mwingereza, Caroline Thackeray. Tunamkumbuka leo kwa sababu kazi yake inatudai sisi jibu.

Mama huyu hakuwa Mkatoliki wala sista wa nadhiri. Alikuwa Mwanglikana wa misheni ya UMCA. Lakini haki haiulizi dhehebu. Masista wa kwanza Wakatoliki kufika Unguja, mwaka 1860, walikuwa Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1849, mara tu baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani humo, nalo liliwapokea pamoja wanawake wazungu na wanawake waliotoka utumwani. Nao pia waliwalea na kuwafundisha waliokombolewa. Kazi ilikuwa moja.

Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 akaiongoza shule ya Mbweni hadi mwaka 1902. Wengi wa wasichana wake walikuwa mateka waliokutwa katika majahazi yaliyokamatwa na meli za Kiingereza. Tukumbuke hali ya wakati ule. Sultani Barghash alikubali kulifunga soko la watumwa mwaka 1873, lakini sheria iliendelea kuutambua utumwa wenyewe hadi mwaka 1897. Hivyo kwa miaka 20 mwalimu huyu aliwafundisha wasichana huru kusoma na kuandika, ilhali katika mashamba ya jirani wenzao walikuwa bado mali ya watu. Alipostaafu hakurudi kwao. Alibaki Mbweni mpaka alipofariki mwaka 1926.

Fundisho la kwanza ni hili: kumfungua mtu minyororo ni kazi ya siku moja, lakini kumwezesha kusimama mwenyewe ni kazi ya miaka. Papa Paulo VI aliandika katika waraka wake Populorum Progressio, mwaka 1967, kwamba njaa ya elimu ni nzito sawa na njaa ya chakula. Mbweni walilitenda hilo kabla halijaandikwa. Kutoka shuleni hapo walitoka walimu waliokwenda bara pamoja na waume zao. Mmojawapo alikuwa Lucy, mke wa Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika misheni hiyo, mwaka 1890.

Hata hivyo tusifiche upande wa pili, maana amani isiyosimama juu ya ukweli haidumu. Shuleni Mbweni wasichana waligawanywa. Walioonekana wepesi wa kusoma waliandaliwa kuwa walimu. Wengine walipelekwa upande wa kazi za mikono, wakafua, wakapika, wakashona na kusuka. Kazi hizo ni za heshima, na mtu huishi kwazo. Lakini ni nani aliyeamua kwamba huyu ni wa kitabu na yule ni wa beseni la kufulia? Hakuwa msichana mwenyewe. Tena kaburi la mwalimu lina jina, na majina ya wanafunzi walio wengi hayatajwi. Hatusemi haya ili kumhukumu marehemu, bali ili tujitazame.

Maana sisi nasi tunagawanya. Ni nyumba ngapi za waamini, mjini Unguja na Dar es Salaam, ambamo binti aliyeletwa kutoka kijijini huamka kabla ya jogoo ili kuwaandaa watoto wa mwenye nyumba waende shule, naye hubaki na ufagio? Tunamwita mtoto wetu, lakini sare ya shule hatumshonei. Mwezi wa Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba Tanzania Bara wasichana waliokatishwa masomo kwa sababu ya mimba waruhusiwe kurudi shuleni. Mlango umefunguliwa. Lakini je, nyumbani na parokiani tunamshika mkono binti huyo apite, au tunamnong'ona hadi aone haya na kurudi nyuma?

Tunapendekeza mambo matatu. Kila jumuiya ndogo ndogo iwahesabu mabinti wa eneo lake walio nje ya shule, kwa majina yao. Kila mwenye nyumba aliyemwajiri binti amlipe ujira wa haki na kumpa nafasi ya kujifunza. Na kama bado ni mtoto, ampeleke shule. Na kabla ya kumpangia msichana njia ya maisha, kwanza tumwulize yeye mwenyewe.

Magofu ya Mbweni hayahitaji machozi yetu. Deni lililobaki ni kwa wasichana walio hai.