Daftari Moja Halitoshi

Sisi tushikao kalamu twajua ya kuwa daftari haliwi kweli kwa kupigwa muhuri. Na tuwatazame Wamarekani. Mwaka 2021 FBI ilibadili namna ya kupokea hesabu za uhalifu, na polisi wa New York na Los Angeles hawakupeleka hesabu zao kwa namna ile mpya. Basi kimya cha daftari kikafanana na amani, wala haikuwa amani. Hati za vifo huwahesabu vema waliouawa kwa bunduki. Lakini majeruhi wengi waliopigwa risasi kwa kusudi huandikwa hospitalini kuwa wamepatwa na ajali. Huko Cardiff, katika nchi ya Wales, daktari Jonathan Shepherd alionyesha ya kuwa wengi waliotibiwa majeraha ya kupigwa hawakujulikana kwa polisi kabisa.

Kwa hiyo twasema, daftari la polisi lisiaminiwe peke yake, bali lilinganishwe na la hospitali na la vifo. Fedha na msaada hufuata hesabu. Mtaa usioandikwa hausaidiwi. Karani aandikaye kwa uvivu na ajue ya kuwa amemnyima mtu haki yake.